Baba ya bibi harusi na besi zangu nne

Leo mzee ambaye hasikii kabisa ameniambia muziki wangu haufiki. Na alikuwa anasema ukweli.

Tulikuwa kwa harusi huko Kithimani, mimi nikiwa fundi wa sauti. Spika za besi nilizipanga vile huwa nazipanga: mbili kushoto mwa jukwaa, mbili kulia. Nikasimama katikati, kifua kikatetemeka, nikajiambia niko sawa.

Kumbe baba ya bibi harusi alikuwa amekaa pembeni. Ni kiziwi tangu utotoni, binti yake alikuwa ameniambia mapema. Muziki yeye huusikia kwa miguu, ardhi ikitetemeka.

Bibi harusi mwenyewe akanijia, ameinua gauni lisiguse vumbi.

"Kaka, baba anasema pale amekaa hakuna muziki."

Nikacheka kidogo (nisameheni). "Si uliniambia hasikii?"

"Ndiyo maana anajua."

Woi! Aibu niliyoskia, wacha tu.

Nikaenda nikasimama kando ya mzee. Kweli, besi imekufa. Nikisonga hatua tatu, inarudi. Mawimbi ya spika za kushoto na za kulia yalikuwa yanamalizana pale pale kwa kiti chake.

Tukabeba zote nne, tukazipanga pamoja katikati, mbele ya jukwaa. Nikawasha.

Mzee akavua viatu. Halafu akamshika binti yake mkono, wakaingia kucheza, na hakukosa mdundo hata mmoja.

Mimi nikainama nikajifanya natafuta waya.

Mafundi wenzangu, semeni ukweli: ni nani alishawahi kuwasahihisha hadi mkanyamaza?