Wafalme Wawili na Mbegu Zilizongoja

Kwetu, karibu na Sondu, mdogo hatii mbegu ardhini kabla ya mkubwa. Wazazi walipofariki, mkubwa nikawa mimi, mwenye digrii ya historia na chumba cha kupanga Nyamasaria, pembezoni mwa Kisumu.

Masika hayo chuo kimoja mjini Kisumu kiliniita kutoa mhadhara wa majaribio kwa nafasi ya uhadhiri. Nilipaswa kulinganisha watawala wawili wa zama za kati: mfalme wa Mali aliyekwenda Hija na msafara wa dhahabu, na mfalme wa Uingereza ambaye makabaila wake walimlazimisha kuitia muhuri hati ya kumfunga kwa sheria. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Sikuona nafasi nyingine mbele yangu.

Mvua ilianza, na chuo kikaahirisha mhadhara, kisha kikauahirisha tena. Sondu si mbali. Ningeweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Sikwenda. Niliogopa kuitwa nikiwa shambani.

Ndugu yangu alipiga simu.

"Mzee, majirani wanapalilia. Sisi bado tunakutazama."

"Pandeni tu. Nimewaruhusu."

"Ruhusa ya simu? Mtoto akiugua kwa kuvunja mwiko, nitamweleza nani?" Akacheka bila furaha. "Hao wafalme wako wamekufa, wanaweza kungoja. Hawa wangu watataka kula."

Siku ya mhadhara ilipofika, nilieleza kwamba yule wa Uingereza alitawala akiwa amefungwa, na yule wa Mali alitawala akiwa huru. Mama mmoja katika jopo aliinua kalamu.

"Alipokwenda Hija, nani alibaki kwenye kiti?"

"Mwanawe."

"Basi huru vipi, Bwana, ikiwa hakuweza kuondoka kabla ya kuacha mtu?"

Jambo hilo nililijua tangu nikiwa mwanafunzi, na jibu nilikuwa nalo. Lakini niliwaza shamba ambalo sikumwachia yeyote, nikaanza kukusanya karatasi zangu, na mwenyekiti akanishukuru. Hawakuniita tena.

Alasiri hiyo hiyo nilikwenda nyumbani. Mvua ilikuwa imekatika zaidi ya wiki. Ndugu yangu alinipa jembe bila salamu. Nilichimba shimo la kwanza, likatoa vumbi. Nikatia mbegu, nikafukia. Papo hapo mkewe akaanza mstari wake nyuma yangu, watoto wakamfuata mbio mbio na makopo ya mahindi. Hakuna aliyetazama juu kutafuta wingu.