Unga wa Chapati Juu ya Mbolea

Wanawake wa chama cha mke wangu waliponiomba niwanunulie unga wa Krismasi mapema, wakati wa ofa, nilipaswa kusema hapana. Ningewaambia wangoje Desemba kama miaka yote. Lakini ni mimi niliyewaletea habari ya ofa yenyewe, nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, na sikutaka kuonekana mtu wa maneno matupu.

Ulikuwa msimu wa bonasi. Bonasi ya majani chai, yale malipo ya mwaka kutoka kiwandani, ikishaingia, maduka makubwa ya mjini hubandika karatasi nyekundu kila mahali: unga, mchele, sabuni, mafuta ya kupikia, vyote vimeshuka bei. Nami napenda ofa. Tangu niache kazi nyumba yetu haijakosa sabuni, na chini ya kitanda kuna dawa ya meno ambayo sijui kama tutaimaliza tukiwa bado na meno.

Chama kile kilikuwa cha majirani wanaosaidiana kuchuma majani. Leo shamba la huyu, kesho la yule, wakipigiana kelele kutoka mstari mmoja hadi mwingine mpaka vikapu vijae. Kila mwezi waliweka akiba kidogo kwa mke wangu, naye mwisho wa mwaka aliwanunulia unga wa ngano, sukari na mafuta ili kila nyumba ipike chapati siku ya Krismasi.

"Mzee, hiyo ofa iko mpaka lini?" aliuliza jirani yetu wa karibu, mjane ambaye mke wangu humwita dada.

"Jumamosi. Mkichelewa mtalipia uvivu wenu."

"Basi nenda wewe. Si ndiye ulisoma mpaka kidato cha nne?"

Wakacheka, nami nikacheka nao. Mke wangu hakucheka.

"Tutaweka wapi mpaka Desemba?" aliniuliza.

"Si stoo iko."

"Stoo imejaa mbolea."

Ni kweli, mbolea ya chai ilikuwa imeletwa juzi tu, na magunia yalikuwa yamelala juu ya mbao. Sehemu iliyobaki ilikuwa udongo mtupu, na kwetu msimu ule mvua hunyesha karibu kila alasiri. Niliporudi na unga kwa pikapu ya kukodi nilitazama huku na huku nikaona mahali pamoja tu palipoinuka: juu ya magunia ya mbolea.

"Uweke hapa sebuleni," mke wangu alisema.

"Na wageni wakalie nini? Unga?"

"Baba watoto, mbolea hutoa jasho."

Nilijua. Mkulima wa chai asiyejua hilo hayuko. Gunia la mbolea likifunguliwa kisha likaachwa kwenye baridi yetu, hunyonya unyevu mpaka mbolea ianze kuyeyuka kama chumvi. Nami nilikuwa nimefungua magunia ya juu ili nianze kurutubisha shamba la mlimani, mvua ikanikatiza, nikayakunja midomo tu. Nilitandika gunia kuukuu juu yake, nikapanga unga, nikafunga mlango. Sikutaka kufundishwa kazi ya stoo mbele ya dereva wa pikapu.

Desemba ilipoanza niliingia kuchukua jembe. Unga wa chini ulikuwa mzito. Pakiti zilikuwa na madoa, na zilinuka ile harufu kali inayopanda puani ukimwaga mbolea. Muda ulikuwepo. Ningemwita mke wangu, ningeuza hata ndama tukanunua unga mwingine. Badala yake nilizianika pakiti karibu na moto wakati yeye yuko shambani, nikazipangusa, nikazirudisha katikati, zile nzuri nikazipanga kuzizunguka. Nilijiambia kwamba moto wa jikoni utamaliza harufu.

Siku ya kugawana walikuja na magunia yao, wakiimba tangu barabarani. Mimi ndiye niliyewapakulia. Niliona pakiti mbovu zikiingia kwenye gunia la yule mjane, nikamtakia Krismasi njema.

Sikukuu ilipopita alirudi. Aliweka pakiti mezani, na unga uliotoka ulikuwa mabonge magumu.

"Nusa, dada. Wakwe wa binti yangu walitoka mbali, Chebunyo. Wamekaa wanangoja chapati, nikawapa ugali."

Mke wangu alinusa. Kisha akanitazama, kwa muda mrefu kiasi cha mtu kusema jambo lolote. Nikatazama kikombe changu.

"Ni mimi," akasema. "Niliweka vibaya. Nisamehe."

Alimpa unga wetu wote. Mwenzake aliupokea, akaenda. Mwezi uliofuata mkutano wa chama ulihamia nyumba nyingine, na hakuna aliyekuja kumwambia saa. Zamu yetu ya kuchumiwa majani ilipofika, tulingoja mpaka umande ukakauka. Hawakuja.

Nilikaa na jambo hilo mpaka mvua za masika zilipoanza, ndipo nikaenda kwa yule mjane nikamweleza yote. Aliendelea kupeta maharagwe yake.

"Tulijua, mzee. Mwanamke gani ataweka unga wa chapati juu ya mbolea? Nilikuwa nangoja useme pale pale. Yeye akanidanganya machoni kwa ajili yako. Sasa mtu kama huyo tutamwekea vipi akiba yetu?"

"Basi mrudisheni. Kosa ni langu."

"Nafasi yake ilishachukuliwa."

Nilimsimulia mke wangu nilikotoka. Alisema, "Ungesema siku ile," akaenda kukamua ng'ombe.

Sasa anachuma peke yake. Mimi humfuata na kikapu, lakini mikono yangu ni mizito na sina hadithi za kumchekesha. Upande wa pili wa ua nawasikia wakicheka, naye anainama zaidi kwenye majani. Mke wangu alikuwa na marafiki wa maisha yake yote, na mimi ndiye niliyempotezea.