Kidimbwi cha Ubatizo

Bosibori amekuwa shemasi wa kanisa letu, hapa chini ya mji wa Kisii, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kazi yake ni kuandaa maji ya ubatizo. Ijumaa, kabla jua halijatua, huziba kijito kwa magunia ya udongo na vigogo vya migomba, ili Sabato ikifika pawe na kidimbwi cha kumfikia mtu kifuani.

Zamani kingo zilijaa matete, na maji yaliyopita humo yalitoka yakiwa maangavu. Kisha ploti zikauzwa, matete yakafyekwa, nyumba za kupangisha zikajengwa hadi ukingoni. Mabomba ya vyoo vyao hatujui yanaishia wapi. Katika ubatizo uliopita kijana Ratemo alimeza funda moja tu. Alilazwa kwa taifodi, akarudi nyumbani amekonda hata mama yake akasita kumkumbatia. Watu walisema alikula kitu sokoni.

Safari hii miongoni mwa wa kubatizwa alikuwemo Sharon, mjukuu ambaye Bosibori amemlea tangu akiwa mchanga.

Ijumaa hiyo kidimbwi kilijaa upesi, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Asubuhi ya Sabato maji yalikuwa na utando wa kijivu, na vyura wote walikuwa kimya. Bosibori akamfuata Mzee Machogu, kiongozi wa kanisa.

"Mzee, leo tusiwaingize watoto humo."

"Shemasi, umeanza kuogopa maji uzeeni? Hata Naamani aliudharau Yordani."

"Naamani aliingia akiwa mgonjwa wa ukoma. Mtoto wangu ni mzima."

Mzee akacheka. "Mchungaji ametoka mbali, Nyaramba, kwa ajili hii. Tumwambie arudi?"

Alasiri tukateremka tukiimba. Sharon alitangulia foleni katika joho jeupe. Mchungaji alipoinama kuvua viatu, Bosibori akaokota jembe lililobaki ukingoni. Hakuna aliyewahi kumwona akishika jembe siku ya Sabato. Wimbo ukakatika.

"Magokoro, unafanya nini?" Sharon akamuuliza bibi yake.

"Rudi nyuma, mama."

Akalichoma gunia la kwanza, akavuta. Maji yakatoka kwa kishindo, kidimbwi kikashuka, nasi tukaona kilichokuwa chini yake: nepi, mabomba ya sindano, na tope jeusi linalochemka mapovu. Mzee Machogu akaziba pua kwa leso. Sharon akarudi nyuma, akiinua pindo la joho lake.

Ndipo tukasikia sauti kutoka bondeni, upande wa Kiogoro. Tangu tulipoziba, kijito kilikuwa kimekauka huko.

"Njooni, yamefunguka," mwanamke mmoja aliwaita wenzake. "Leteni mitungi kabla hayajakatika tena."

Bosibori akaangusha jembe. Akashika sketi yake na kukimbia kando ya kijito, akipaza sauti kwamba wasichote. Alikuwa bado kwenye kona ya kwanza. Maji yalikuwa yamekwisha kumpita.