Mhazili Kushindwa na Barua Yake

Wiki ile Mhazili hakutulia. Asubuhi moja alifagia ua mara tatu, akapanga vyombo, akavipangua, mpaka wifi yake, dada wa mumewe aliyekuwa akiishi nao, akamnyang'anya ufagio.

"Wifi, huo ua umekukosea nini? Sasa unataka kuufikia mwamba?"

"Niache, wifi. Nina barua ya kuandika."

"Barua? Wewe? Mtu anayelala barua, anaamka barua!"

Na kweli, kama kuna mtu aliyezijua barua ni yeye. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mhazili wa idara moja ya chuo, kwenye chumba chenye dirisha moja na makabati manne ya chuma, na mlango wa kati wa kuingilia kwa mkuu wa idara. Kila mwanafunzi aliyetaka kwenda kusoma zaidi alihitaji barua ya mapendekezo ya Mkuu, na barua ya Mkuu aliiandika nani? Mhazili! Mkuu kazi yake ilikuwa kuuliza "Ni ya nani?" kisha anatia saini. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, hapana. Alikuwa na madarasa, vikao, na miwani isiyojulikana ilipo. Basi Mhazili ndiye aliyefungua mafaili, akasoma kazi za wanafunzi, akawauliza walimu wao, akaandika. Kuna watu leo wana shahada zao ukutani kwa maneno ya mama huyu, na shukrani zote wanampelekea Mkuu.

Katika kazi hiyo alijiwekea desturi. Mwanafunzi hodari alimwandikia mambo aliyoyafanya: utafiti wake, au swali aliloliuliza darasani mwalimu akatoka jasho. Yule ambaye hakuna mwenye la kusema juu yake, na hataki kumharibia, alimwandikia mistari mitatu tu: ana nidhamu, hufika kwa wakati, anaelewana na wenzake. Uongo si uongo, lakini mzoefu wa barua akiisoma hiyo anajua hapa hamna kitu.

Sasa zamu ilikuwa yake. Shahada ya kwanza aliisoma jioni baada ya kazi, miaka sita, chuo hichohicho, Mkuu akiwa mwalimu wake mmojawapo, na akawashinda vijana waliosoma mchana. Alikuwa akiomba kusoma shahada ya uzamili ya utunzaji wa nyaraka kwenye chuo kingine. Nafasi zenye ufadhili zilikuwa za watu wasiozidi miaka arobaini na mitano, naye alikuwa na arobaini na mitano kamili. Akikosa safari hii, ndiyo basi tena. Na mtandao wa maombi ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi alasiri.

Vyeti alishapakia. Maelezo binafsi aliyaandika, akayafuta, akayaandika tena, nayo yakaenda. Ilibaki barua ya Mkuu. Jumatatu alimwomba, na Mkuu, macho yakiwa kwenye simu, akajibu kama anavyojibu siku zote: "Tengeneza, uniletee."

Jumanne aliandika, "Mwombaji ana akili ya pekee," akageuka kutazama mlangoni kama mwizi, akafuta. Jamani, mtu mzima kujipigia debe mchana kweupe! Jumatano aliandika sentensi nusu, akainuka kupanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangika tangu mwaka juzi. Alhamisi alichemsha chai mara nne na hakunywa hata kikombe kimoja.

"Kinyozi hajinyoi, mama," alisema tarishi, mzee mwenye mdomo usiotulia, aliyeleta barua za ofisi nyingine.

"Basi ninyoe wewe."

"Mimi? Nitakukata sikio!"

Nyumbani alimwambia wifi yake kwamba mama yake mzazi alimlea kwa neno moja: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wifi akaguna. "Sawa, chajiuza. Lakini hata hicho chema, mwenye duka si anafungua mlango? Wewe umekifungia ndani, ufunguo umeumeza."

Ijumaa ikafika. Saa nane na nusu, roho juu, Mhazili aliacha kufikiri, akaiachia mikono ifanye ilichozoea. Dakika tano tu, barua ikawa tayari. Akaichapisha bila kuisoma mara ya pili, akaingia nayo.

Mkuu alishachomoa kalamu. "Ni ya nani?"

"Ni yangu, Mkuu."

Kalamu ikasimama. Mkuu akamtazama, akapekuapekua mezani mpaka akaipata miwani chini ya gazeti, akasoma. Kusoma kwenyewe hakukuchukua muda, maana ilikuwa mistari mitatu. Akaisukuma ile karatasi.

"Hii siwezi kuisaini."

Hasira ikampanda Mhazili. Za watoto wa watu anasaini kama anafukuza nzi, ya kwake ndiyo anaikataa! Na leo hakuimeza.

"Mkuu, za wote umesaini."

"Za wote sikuzisoma," akasema Mkuu, na aliona haya. "Hii nimeisoma. Hufika kwa wakati! Hata kengele ya getini inafika kwa wakati. Huyu mtu hapa mimi simjui. Twende kwenye mashine yako. Mimi nitasema, wewe andika."

Akasimama nyuma ya kiti cha Mhazili, mikono mgongoni, akasema polepole kama mtu anayetafuta njia. Kwamba yeye Mkuu alimfundisha mwombaji huyu miaka sita. Kwamba mwombaji aliwahi kuandika insha juu ya sababu za ofisi kupoteza mafaili, na Mkuu alipoisoma alibadilisha anavyofundisha somo lake. Mhazili aliandika, masikio yakimchoma, jicho moja kwenye saa.

"Aya mpya," akasema Mkuu. "Kwa miaka kumi na moja, barua zote za mapendekezo zilizotoka idara hii kwa saini yangu aliziandika yeye. Kama mliwahi kumpokea mwanafunzi kwa kuiamini barua yangu, mliyemwamini ni yeye."

Mashine ikanyamaza.

"Mkuu, hilo litakuletea maneno."

"Na yaje. Andika." Akangoja. "Mbona huandiki?"

"Sioni, Mkuu."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Mkuu akamwinua, akakaa yeye, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, herufi moja, kisha anaitafuta nyingine. Saa ilishapita tisa na nusu. Bado saini, bado mhuri, bado kuskani, bado kupakia. Mhazili alisimama nyuma yake akijifuta kwa kiganja, mikono inamwasha.

"Niachie, Mkuu, tutachelewa!"

"Tulia. 'M' iko wapi?"

"Chini, kulia."

"Nimeiona. Nyamaza sasa. Leo karani ni mimi."

Barua iliondoka saa kumi kasoro dakika sita. Kabla ya kuituma, Mhazili aliona makosa mawili ya chapa katika aya ile ya mwisho. Hakuyagusa.