Kopo la Maji ya Sabuni

Dada yangu mkubwa ni mshonaji, na jicho lake, jamani, halipitwi na kitu. Mshono ukipinda kidogo anafumua nguo nzima, mteja alie asilie. Kwa ukali huohuo alipanda kunde nyuma ya nyumba: mbegu ya marehemu mama, mkebe wa mwisho, na hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Wiki tatu za mawingu na baridi, vidukari wakajaa kwenye mashina, weusi tititi. Jua lilipotoka, tukaona wadudu wengine: warefu, wa kijivu, wana madoa ya rangi ya chungwa, sura mbaya hiyo!

"Hawa ndio mama zao," dada akasema. "Nikiwamaliza hawa, wale weusi watazaliwa na nani?"

Akachukua kibano chake cha kuvutia nyuzi na kopo la maji ya sabuni. Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, jani kwa jani, akawadondosha humo mmoja mmoja. Nami nilimsifu, mpumbavu mimi!

Kunde zikazidi kunyauka. Nikamwita bwana shamba. Alichungulia kopo, akalimwaga juu ya gunia.

"Mama, hawa umewatoa wapi?"

"Si kwenye kunde! Waharibifu wakubwa hao."

"Hawa ni watoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo, mwenye madoa meusi. Chakula chao ni vidukari. Kwenye baridi wanazubaa, vidukari wanazaliana watakavyo. Jua likiwaka ndipo hawa wanachangamka, wanawala kutwa. Walikuja kukusaidia."

Mungu wangu! Dada alikaa chini palepale kwenye udongo, futi ya kupimia bado shingoni.

"Nimewaua mwenyewe," akasema. "Kwa mkono wangu. Mia ngapi, mdogo wangu?"

Na sote tulijua mkebe ni mtupu.

Bwana shamba akanyoosha kidole upande wa ukuta. "Na ule mstari?"

Tukageuka. Mstari wa mwisho ulikuwa wa kijani, mashina safi, maua yamefunguka.

"Ule sijaugusa," dada akasema polepole. "Mgongo ulinikatalia, nikawa naishia huku."

Ndio huo tuliovuna. Viganja viwili tu vya mbegu ya mama, vyote kutoka pale dada aliposhindwa kuinama.