Theluthi ya Weusi wa Keza

Siku ya kwanza kazini nilipewa mwanamke wa kumwangalia. Alikuwa Mzungu, wa karatasi, ameshika kikapu cha matunda, amebandikwa ukutani juu ya mashine ya kuchapa. Shefu wa Karakana, Mkongomani wa Bukavu aliyevaa tai ndani ya ovaroli, alinisimamisha mbele ya picha ile kama mtu anayetambulisha mchumba.

"Huyu ni Madame," alisema. "Wewe iko na macho? Angalia shavu yake. Shavu ya Madame ikikuwa bien, mashine iko bien. Ikikuwa ya kijani, Madame iko mgonjwa, unasimamisha kila kitu."

"Na matunda, shefu?"

"Matunda haina familia. Angalia shavu."

Nilikuwa nimetoka Bujumbura na begi moja na Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule. Karakana ile ya katikati ya Kigali ilinichukua kwa sababu nilihesabu rimu za karatasi mara mbili, nikakuta muuzaji ametupunja karatasi arobaini. Wakaniita Kabiri, yaani mara mbili kwa Kinyarwanda. Kwa jina hilo naitwa mpaka leo kwenye foleni ya kliniki.

Kwa ninyi mnaobonyeza kitufe na kwenda kunywa chai, nieleze kidogo. Picha yoyote ya rangi huchapwa kwa wino nne: buluu, nyekundu ya waridi, njano na nyeusi. Kila wino una bamba lake, na kando ya sanduku la wino kuna skrubu zilizopangwa mstari, tuliziita funguo. Ukikaza, wino unapungua upande ule wa karatasi, ukilegeza, unaongezeka. Kabla ya kuchapa maelfu, unatoa karatasi moja ya mfano, mwenye kazi anaitazama na kutia sahihi. Wazee wa Kifaransa waliiita bon à tirer, sisi tukasema bonatire. Ikishatiwa sahihi, hiyo ndiyo sheria. Karatasi ya elfu tatu lazima ifanane na ile.

Madame alikuja na mashine kutoka Ulaya. Mashine ilipimwa kwa shavu lake, nasi tukapimwa baada yake. Shavu lake likikaa sawa, watu wetu walitoka ama kama matofali ama kama chini ya sufuria ya kuni. Nilijifunza hivyo kwa matangazo ya misiba. Familia moja ya Rwezamenyo ilinirudishia matangazo mia mbili, nilihesabu, na mjane akaniambia, "Huyu si mume wangu. Huyu ni kivuli chenye meno." Nikamweleza Shefu. Akasema Madame ni mzima, kwa hiyo marehemu ndiye mwenye tatizo.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ngozi nyeusi haikai kwenye wino mweusi peke yake. Unaanza na buluu ya kutosha, waridi juu yake, njano kidogo ya kuipa joto, halafu nyeusi mwisho, nyembamba, kama mtu anayefunika chakula kwa kitambaa safi. Hapo paji la uso linapata mwanga wake, na macho yanakaa mahali pake. Nilipohamia kiwanda kikubwa cha Gikondo, nilikuwa nimeshajulikana. Watu wa harusi waliokuwa na bwana harusi mweusi sana waliuliza kwanza kama Kabiri yuko zamu. Sijisifu, nataja tu ili mjue kwamba kilichofuata hakikutokana na kutojua.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Solange. Ni Mnyarwanda aliyekulia Kigoma, mwalimu, mrefu, mweusi wa kung'aa. Alikuwa ameandika kitabu cha watoto kwa Kiswahili, na amekaa na mchoraji miezi mingi. Hadithi inamhusu Keza, msichana anayehamia shule ya Kigali. Wenzake wanamwita Masizi kwa rangi yake, wanamficha nyuma kwenye picha ya darasa, naye anakataa kufichwa. Hadithi yote ni hiyo, na yote imesimama juu ya ngozi ya yule mtoto.

Solange alikuja kutia sahihi. Nilimtolea karatasi ya mfano mara tano. Kwa ile ya tano alisogeza mkono wake karibu na uso wa Keza.

"Mzee Kabiri," alisema, "mimi sijawahi kujiona kwenye kitabu. Shuleni wasichana wa vitabuni wote walikuwa inzobe." Inzobe ni yule wa maji ya kunde, anayesifiwa harusini kabla hata hajafungua mdomo.

"Tia sahihi kabla sijaanza kudai nauli ya machozi," nikamwambia. Akacheka, akatia.

Kesho yake mashine imeshawaka, akashuka Mkurugenzi wa Mauzo, kijana aliyerudi kutoka Kampala, viatu vyake havijawahi kukanyaga wino. Alichukua karatasi, akaishika mbali na suti.

"Mzee, huyu mtoto mbona hivi?"

"Hivi vipi, bosi?"

"Too much. Wazazi wenye pesa wa Nyarutarama wananunua kwa jalada. Nani atamnunulia mtoto wake birthday uso huu? Mng'arishe. Punguza nusu."

"Imetiwa sahihi."

"Sahihi ni ya mwandishi. Mashine ni ya kampuni. Na mashine hii, nadhani, kuna vijana wawili hapa wanaijua."

Nilielewa. Nilikuwa na miezi saba mbele yangu na kiinua mgongo mwisho wake. Lakini nisijifiche nyuma ya hilo. Nilipaswa kusema hapana, au nizime mashine nimpigie Solange. Badala yake nilifanya ninachofanya sokoni.

"Nusu ni mtu mwingine kabisa, bosi. Sehemu moja ya tano."

"Moja ya tano haionekani. Nusu kasoro kidogo."

"Robo, na simgusi macho."

"Theluthi, mzee, twende kazi."

"Theluthi," nikasema, tukapeana mikono.

Tulipatana bei ya ngozi ya mtoto kama watu wawili mbele ya fungu la viazi. Nchi hii imeshawahi kupima nyuso za watu ili kuwagawa, na mtu wa rika langu hahitaji kufundishwa hilo. Hata hivyo niliondoka pale nikijiona nimeshinda, kwa sababu yeye alianza na nusu. Nilikaza funguo za nyeusi, nikakaza za buluu. Keza akawa rangi ya chai ya maziwa. Ziwa lililochorwa nyuma yake nalo likapauka, maana wino haujui kuchagua. Tukachapa elfu tatu.

Solange alipokuja kuchukua vitabu alifungua kimoja, akafungua kingine, akachomoa karatasi yake ya sahihi kwenye bahasha.

"Mzee. Huyu siye."

Nilikuwa na jibu limeshaiva. "Ni karatasi, mwalimu. Hii ya vitabu inanyonya. Weusi kama ule haushiki."

Alirudisha karatasi yake kwenye bahasha. "Basi, asante. Najua umejaribu."

Nilimfungia maboksi kwa kamba. Niliyahesabu, yalikuwa kamili.

Sasa nimestaafu, niko Masaka ya hapa pembeni mwa Kigali, nina shamba la maharage na mjukuu anayesoma darasa la tatu. Majuzi alirudi na kitabu kile kutoka shuleni, akakaa nacho kwenye mkeka, uso umekunjamana.

"Babu, wanamcheka nani?"

"Keza."

"Kwa nini wanamwita Masizi na yeye ni inzobe? Waongo hawa?" Akafunua kurasa mbele na nyuma. "Hiki kitabu hakieleweki."

Mjukuu wangu amechukua rangi ya bibi yake. Ni mweusi kuliko Keza wa bonatire.

Nilimpigia Solange siku hiyo hiyo. Nilimwambia yote: suti, theluthi, funguo, na kwamba karatasi haikuwa na kosa.

"Mzee Kabiri," alisema, "watoto huniuliza kila ninapokwenda kuwasomea. Wananiuliza kwa nini picha haifanani na maneno. Mimi nimewaeleza kwamba weusi kama wetu hauchapiki. Kwamba karatasi haiuwezi. Shule kumi na moja nimewaambia hivyo."

Nilimwomba anitajie shule hizo. Alizitaja moja moja bila kupandisha sauti, nikaandika, akakata simu. Sijampigia tena.

Nimeanza kuzunguka. Napanda moto, yaani pikipiki ya abiria, naomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nasimama mbele ya darasa na kusema mimi ndiye niliyechapa, weusi ule unachapika, nilijua namna, na wino ulikuwepo. Katika shule ya nne msichana wa dawati la mbele alinyoosha mkono.

"Sasa kwa nini hamkumchapa hivyo?"

Mwalimu alimwambia akae, amuache mzee apumzike. Zimebaki shule saba, na swali la mtoto yule nimeliandika juu ya ile orodha ya Solange.