Aliyeona kwa Macho ya Nyanya

Juzi nilinusa udi katika duka moja la Malaba, nikamkumbuka Mama Kanta, Mhindi aliyeuza vitambaa Busia. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, mama alikuwa akinunua sanda ya nyanya katika duka lake lililonukia udi, nami nililia tu. Mama Kanta aliweka mkasi chini.

“Mwili tu imekufa, mtoto. Yule alikuwa anaona kwa macho yake, huyo hawezi kufa. Hata ndani yako iko.”

Siku hizi najua alimaanisha nafsi, ambayo kwa dini yao haizaliwi wala haifi. Wakati ule nilidhani nyanya amehamia machoni mwangu. Nyumbani Mundika nilipanua jicho mbele ya kioo, nikimtafuta.

“Unatafuta nini?” mama aliuliza.

“Nyanya.”

Mama hakucheka. Alipiga magoti, akanishika kidevu, akachungulia machoni mwangu kwa muda mrefu.